Kaskazini ya Kweli Kule Nanyuki

Ukitoka Nairobi asubuhi kwa barabara ya Thika, ukapita Makutano, Karatina na Kiganjo, Mlima Kenya hukaa upande wako wa kulia sehemu kubwa ya safari, ukijitokeza na kujificha kama bibi harusi ndani ya shela. Baada ya Naro Moru hewa huanza kuwa ya baridi, na kabla tu ya kuingia mji wa Nanyuki, karibu kilomita 200 kutoka Nairobi, utaona kibao kando ya barabara kinachokuarifu kwamba hapo ndipo unapovuka mstari wa Ikweta. Magari ya wageni husimama hapo. Watu hupiga picha, mguu mmoja kaskazini na mmoja kusini.

Hapo pia utawakuta vijana wenye karai lenye tundu, jagi la maji na njiti za kiberiti. Watakutembeza hatua chache upande wa kaskazini, uone njiti ikizunguka upande mmoja maji yanapotoka tunduni, kisha watakupeleka upande wa kusini uione ikizunguka kinyume. Juu ya mstari wenyewe haizunguki kabisa. Watoto wetu walipiga makofi. Tuliwapa vijana wale chochote, kwa maana mchezo ulikuwa mzuri na kila mtu hutafuta riziki yake. Lakini tulipokwisha kurudi garini tuliwaambia watoto ukweli. Mzunguko wa dunia hugeuza dhoruba kubwa za baharini, ila ndani ya karai nguvu yake ni ndogo mno kuonekana. Maji ya karai hufuata jinsi yalivyomiminwa, na mkono uliozoea unaweza kuyazungusha upande wowote unaotaka.

"Basi mtu atajuaje kaskazini ni wapi na kusini ni wapi?" aliuliza kitinda mimba wetu, amenuna kidogo.

Lilikuwa swali la haki, na sisi wenyewe tulikuwa na haja ya jibu lake, kwa sababu ndani ya buti la gari tulikuwa tumebeba darubini.

Ilikuwa wiki ya Krismasi ya mwaka 2024. Darubini ile ililetwa na mjomba wa watoto anayefanya kazi Ujerumani, zawadi kwa kifungua mimba wetu aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba. Nasi tulikuwa tunaipeleka kwa Nyanya wa watoto, mama mzazi wa baba yao, anayeishi kwenye shamba dogo nje ya mji, kandokando ya barabara iendayo Timau. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na daktari alikuwa amempangia upasuaji mwezi wa Februari. La kulia lilikuwa bado linaona, lakini polepole. Lilihitaji muda kutulia juu ya kitu kabla ya kukitambua. Mjukuu wake alikuwa amemsimulia kwa simu kuwa ile nyota kubwa inayong'aa jioni upande wa mashariki ni sayari ya Mshtarii, na kwamba ukiitazama kwa darubini utaona watoto wake wanne, yaani miezi inayoizunguka. Nyanya akajibu, "Nileteeni niwaone kabla sijachezewa macho." Alisema kwa mzaha. Sisi tulijua kwamba anauogopa upasuaji ule, na kwamba ndani ya mzaha mlikuwa na ombi.

Usiku wa kwanza darubini ilisimamishwa uani juu ya miguu yake mitatu, ikaelekezwa angani vivi hivi, kama tulivyozoea Nairobi tulipotazama mwezi. Kijana aliileta Mshtarii katikati ya lenzi. Kisha akamshika bibi yake mkono, akamkalisha, akamvua miwani, akamwonyesha pa kuweka jicho. Nyanya akainama. Kimya. "Mwanangu, hapa hakuna kitu." Kijana akachungulia: kweli, Mshtarii ilikuwa imekwisha toka. Akairudisha, Nyanya akainama tena, ikawa yale yale. Mara ya nne akajifunga shuka lake vizuri, akacheka: "Mmenionyesha giza. Ni giza zuri, lakini ni giza."

Jambo lenyewe ni rahisi kueleza. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa, yaani digrii moja kila dakika nne. Lenzi yenye kukuza vya kutosha kuonyesha miezi ya Mshtarii inakuonyesha kipande cha anga chenye upana wa nusu digrii hivi. Kwa hiyo kitu kilichowekwa katikati kina dakika moja tu kabla ya kutoka pembeni. Kwa mtoto wa miaka 12 dakika moja ni nyingi. Kwa mama wa miaka 78 mwenye jicho moja, ni muda wa kuketi tu.

Kijiti cha mshikaki

Darubini kama hii huja na kitako maalum cha kuishinda shida hiyo. Fikiria mshikaki juu ya makaa. Nyama inazunguka, kijiti cha katikati kinabaki pale pale. Dunia nayo inazunguka hivyo, na kijiti chake, ambacho vitabu hukiita mhimili, hutoka ncha ya kusini hadi ncha ya kaskazini. Kitako cha darubini kina mhimili wake mdogo wa chuma. Ukiulaza mhimili huo mdogo sambamba kabisa na mhimili wa dunia, basi mota ndogo ya betri inaweza kuizungusha darubini kinyume cha mwendo wa dunia, mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56, na nyota itaganda ndani ya lenzi kama picha ukutani. Lakini ukiulaza kombo, hata kwa digrii chache, nyota itateleza taratibu kwenda juu au chini hata mota ikifanya kazi. Ndiyo sababu ni lazima ujue kaskazini na kusini, tena si kwa kukisia.

Kijitabu kilichokuja na darubini kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa Ulaya. Kinasema: tafuta Nyota ya Kaskazini, elekeza mhimili kwake, kazi imekwisha. Na kwao ni kweli. Nyota hiyo hukaa karibu sana juu ya ncha ya kaskazini ya dunia, na urefu wake angani unalingana na umbali wa mtu kutoka Ikweta kwa digrii. Mjini Berlin iko digrii 52 juu, huwezi kuikosa. Nanyuki iko digrii sifuri. Maana yake iko chini kabisa, palepale ardhi inapokutana na mbingu, nyuma ya miti, vumbi na ukungu wa nyanda za Laikipia. Nani ataiona? Na upande wa kusini hali ni ngumu zaidi, kwa sababu hata watu wa Afrika Kusini, ambao ncha yao ya anga iko juu vya kutosha, hawana nyota angavu ya kuiwekea alama. Iliyo karibu nayo ni hafifu kiasi kwamba taa moja ya mtaani huifuta.

Jina la kitako chenyewe ndilo lililotuchekesha. Kinaitwa kitako cha Ikweta! Hata hivyo kilipofika Ikweta kiligoma. Mhimili wake unapaswa kuinuliwa kwa digrii zilezile za mahali ulipo, na huku maana yake ni kuulaza chini kabisa kama mwiko juu ya meza. Chetu hakikukubali kushuka chini ya digrii 20. Aliyekibuni hakufikiri kwamba ipo siku kingefika kwa Nyanya.

Asubuhi yake baba wa watoto alikwenda kwa seremala mjini akachongewa kabari ya mbao: urefu sentimita 30, upande mmoja umechongwa hadi kuwa mwembamba kama ukucha, upande wa pili kimo cha sentimita 11. Kabari ya vipimo hivyo ina mteremko wa digrii 20. Seremala aliuliza ni mlango gani huo unaohitaji kabari ya namna ile. Tuliirudisha nyumbani, tukaikaza kwa misumari juu ya kigogo kinene cha mgrevilea kilichobaki uani tangu mti ulipokatwa, upande mnene ukielekea kusini, na kitako kikafungwa juu yake kwa bolti, bila ile miguu mitatu. Kwa njia hiyo digrii 20 za kitako zikafutwa na digrii 20 za kabari, na mhimili ukalala sawa na pimamaji. Faida nyingine, ambayo kusema kweli ndiyo tuliyoipenda zaidi, ni kwamba kigogo kilikuwa kifupi. Nyanya angeweza kuketi kwenye kigoda chake cha kukamulia.

Lakini kabla ya kupiga hata msumari mmoja, ilibidi tujue kaskazini iko wapi hasa.

Kivuli cha saa sita

Wengi wetu tungekimbilia dira. Dira haionyeshi kaskazini ya kweli. Sindano yake hufuata sumaku ya dunia, na sumaku hiyo hailingani na mhimili. Hapa kwetu tuna bahati, kwa sababu katika sehemu hizi za Kenya tofauti haifiki digrii mbili. Huko Cape Town sindano hupotoka karibu digrii 25 kwenda magharibi. Hata hivyo Nanyuki imejengwa chini ya mlima uliozaliwa na volkeno, na mawe yake yenye chuma yanaweza kuivuta sindano. Bati za paa, gari, hata bolti za darubini yenyewe huivuta pia. Tulipoisogeza dira hatua tatu kutoka kwenye tangi la maji sindano ikahama. Kijana akaitia mfukoni.

Tulichotumia ni kijiti, uzi, majivu ya jikoni na jua. Njia hii ni ya kale mno, na mama yeyote anaweza kuifanya na watoto wake uani siku ya likizo.

Tulisimika kijiti cha mita moja kwenye udongo uliosawazishwa, tukakipima kwa timazi kisimame wima kabisa. Kijiti kikiinama, kila kitu kinaharibika, kwa hiyo hapo usiwe na haraka. Tukafunga uzi kwenye shina lake na kuchora duara la majivu kukizunguka, sentimita 80 kutoka kijiti hadi ukingoni. Asubuhi kivuli ni kirefu na kinavuka duara. Jua likipanda, kivuli hufupika, hadi ncha yake inagusa ukingo wa duara na kuingia ndani. Hapo tukaweka jiwe; ilikuwa saa nne na dakika 26. Kisha tukaenda zetu kupika. Mchana kivuli kikaanza kurefuka tena upande wa pili, na kitinda mimba, aliyepewa kazi ya ulinzi, akapiga kelele ncha ilipogusa duara mara ya pili: saa nane na dakika 40. Jiwe la pili.

Uzi uliovutwa kutoka jiwe hadi jiwe ndio mstari wa mashariki na magharibi. Gawa uzi huo katikati, vuta mwingine kutoka shina la kijiti hadi hapo katikati, na huo ndio mstari wa kaskazini na kusini. Si wa sumaku, si wa kukisia. Inafaa kwa sababu jua hupanda asubuhi na kushuka mchana kwa namna ileile, na katikati ya safari yake huwa juu ya mstari huo. Mwishoni mwa Desemba matokeo ni mazuri zaidi, kwa kuwa siku hizo jua halihami sana kwenda kaskazini wala kusini kati ya asubuhi na jioni.

Labda umegundua jambo. Katikati ya saa nne na dakika 26 na saa nane na dakika 40 ni saa sita na dakika 33. Kwa nini jua la Nanyuki lichelewe zaidi ya nusu saa? Kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata jua la digrii 45 mashariki, ambalo karibu ni jua la Mogadishu. Jua huchukua dakika nne kuvuka digrii moja, na Nanyuki iko kama digrii nane magharibi ya hapo. Msomaji wetu wa Mombasa kivuli chake hufika kaskazini-kusini yapata saa sita na dakika 21, wa Dar es Salaam saa sita na dakika 23, wa Kampala saa sita na dakika 50. Na mama aliyeko Kigoma itambidi angoje hadi saa saba na dakika moja, wakati wengine wamekwisha kula. Hizo ni saa za wastani. Mwanzoni mwa Novemba jua huwahi kwa dakika 16, na katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14, kwa hiyo mawe mawili na uzi ni vya kuaminika kuliko saa ya mkononi.

Kuna jambo moja la kuangalia. Siku ile kivuli cha adhuhuri kilikuwa na urefu wa sentimita 43 na kilielekea kaskazini, kwa sababu mwezi wa Desemba jua liko kusini yetu. Mwezi wa Juni pale pale kivuli kitaelekea kusini. Dar es Salaam nako jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena kwenye Oktoba 10 hivi, na siku hizo kivuli cha adhuhuri hukosa upande. Mtu asiyelijua hilo ataufuata mstari sahihi lakini ataita kusini kaskazini.

Na tafadhali, mama mwenzetu, wakati wa kazi hii ya kivuli darubini ibaki ndani ya sanduku. Mtoto akilitazama jua kwa darubini hata kufumba na kufumbua, jicho laweza kuungua lisipone.

Nyanya alikuja na fimbo yake kuukagua mstari wetu wa majivu. Hakuridhika. Maisha yake yote upande wa kusini kwake ulikuwa upande wa mlima, na mlango wa jiko lake, kama alivyoambiwa na marehemu mumewe aliyeujenga, unatazama kusini. Mstari ulionyesha kwamba vilele vya mlima, Batian na Nelion, vilikuwa kati ya kusini na mashariki, na mlango wa jiko navyo. Alisimama pale kwa muda. "Basi mzee alinijengea mlango wa kutazama mlima," akasema, akarudi ndani kuongeza maji kwenye sufuria.

Lugha yetu yenyewe inashika pande hizi kwa mikono miwili. Kaskazini tumeipata kwa kaskazi, upepo unaoleta majahazi kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Kusini kwa kusi, unaoyarudisha katikati ya mwaka. Wazee wa pwani walikuwa pia na neno kibla kwa upande wa kaskazini, maana Maka kwao iko huko, na suheli kwa upande wa kusini, jina la nyota. Jioni ile tulimwonyesha Nyanya hiyo Suheli ikichomoza kusini-mashariki, karibu na bega la mlima. Haichomozi kusini kamili. Hukaa kusini ikiwa imefika juu kabisa ya safari yake. Mabaharia walilijua hilo, bila shaka, kuliko sisi.

Nyota isiyopinda

Giza lilipoingia tulikuwa na shahidi wa pili. Wasomaji wa kitabu cha Ayubu wanazijua Kilimia na Orioni kwa majina; mwezi wa Desemba zote mbili hupanda upande wa mashariki baada ya jua kutua. Orioni ina nyota tatu zilizopangana kama vifungo vya koti. Ile inayotangulia kuchomoza inaitwa Mintaka, nayo iko karibu kabisa juu ya Ikweta ya anga. Popote duniani Mintaka huchomoza mashariki na kutua magharibi, lakini kwa wengine hupanda kwa kuinama. Kwa mtu aliye juu ya Ikweta haiinami. Hupanda wima kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani, mashariki kamili saa baada ya saa, hadi ifike utosini, kisha hushuka magharibi kamili.

Tulishika timazi mbele ya jicho, tukiwa tumesimama penye kijiti. Ilikuwa saa mbili usiku. Uzi ulipita juu ya Mintaka, ukashuka, ukaangukia kwenye uzi wetu wa mashariki uliovutwa mchana. Tukarudia baada ya nusu saa. Nyota ilikuwa imepanda zaidi ya digrii saba na bado iko pale pale juu ya uzi. Mchana na usiku vilikuwa vimetoa jibu moja. Kitinda mimba akasema hiyo ni bora kuliko karai.

Kabari ilikuwa imekwisha pigwa misumari kwa kufuata mstari wa majivu. Ikabaki marekebisho madogo, ambayo ni kazi ya subira. Unachagua nyota moja iliyo karibu na utosi, unaiweka katikati ya lenzi, unawasha mota, unangoja. Mhimili ukiwa umepotoka kidogo mashariki ya kaskazini, nyota itateleza kuelekea kusini. Ukiwa umepotoka magharibi, itateleza kaskazini. Ili usichanganyikiwe, maana lenzi hugeuza picha, unausukuma mdomo wa darubini kidogo sana kuelekea kaskazini na kuona nyota inakimbilia wapi: huko ndiko kusini ndani ya lenzi. Kijana alirekebisha mara mbili, kila mara kwa upana wa njiti ya kiberiti, akakaa dakika kumi akichungulia huku meno yakigongana. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Desemba usio na mawingu hauna huruma. Mwezi haukuwapo, ulikuwa umebakiza siku chache kuandama. Zuhura ilikuwa inaelekea kutua, na upande wa Timau Mirihi ilikuwa inachomoza, nyekundu kama kaa.

Saa tatu na nusu tukamwita Nyanya. Alikuja na shuka mbili na kofia ya sufu, akaketi kwenye kigoda, akavuliwa miwani. Safari hii hakuna aliyemharakisha. Alihangaika kutafuta pa kuweka jicho, akalipata, akalipoteza, akalipata tena. Dakika mbili. Dakika tatu. Mota ilikuwa ikilia taratibu kama nzi ndani ya chupa. Tuliona mkono wake wa kulia ukitoka ndani ya shuka, kidole kimoja kikainuka. Kisha cha pili. Akanyamaza kwa muda mrefu, tukadhani ameishia hapo. Cha tatu. Halafu cha nne.

"Wako mstari mmoja," akasema bila kuinua kichwa. "Kama watoto wa shule asubuhi."

Ndivyo walivyo. Miezi ile minne, Io, Europa, Ganimedi na Kalisto, huizunguka Mshtarii karibu katika bapa moja, nasi tunalitazama bapa hilo kwa ubavuni. Galileo aliiona mwezi wa Januari 1610, na darubini yake haikuwa bora kuliko ile iliyokuwa juu ya kigogo cha mgrevilea. Siku hizi miezi ya Mshtarii iliyohesabiwa imepita 90, lakini iliyobaki ni midogo mno kwa darubini ya nyumbani. Kijana alimweleza bibi yake hayo yote. Hatudhani alisikiliza. Alikaa pale robo saa nzima, chai ikapoa, na Mshtarii haikutoka katikati.

"Jana ilikuwa inakimbia," akasema hatimaye. "Leo mmeifunga na nini?"

"Hatukuifunga, Nyanya. Leo tunakwenda nayo."

Tuliondoka Nanyuki Desemba 30. Darubini ilirudi nasi, lakini kabari na kigogo vilibaki, na mstari wa majivu baba wa watoto aliufuata kwa mawe na kuyapaka chokaa ili mvua isiufute. Kijiti nacho kiliachwa. Nyanya alisema kisiguswe, akakizungushia matawi ya miiba kwa ajili ya mbuzi.

Upasuaji ulifanyika Februari, nao ulikwenda salama. Mwezi uliofuata, Machi 20, 2025, alitupigia simu mchana, saa saba kasoro dakika 20 hivi. Kijana alikuwa amemwandikia tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa ni moja ya siku mbili za mwaka ambazo jua husimama wima juu ya Ikweta. Alikuwa uani, amevaa miwani myeusi aliyopewa na daktari. Alituambia kwamba tangu asubuhi kivuli cha kijiti kilikuwa kikitembea juu ya uzi wa mashariki bila kwenda kando, kikifupika, kikifupika, na kwamba sasa hivi, wakati anaongea nasi, kimeingia chini ya kijiti na hakuna kivuli tena.